Restituta na Mbegu ya Mahenge

Wifi yangu Restituta hapigi kelele. Hilo ndilo lililonikera kwake tangu mwanzo, miaka kumi na miwili iliyopita, mdogo wangu Justin alipomleta nyumbani kwetu Lipangalala, hapa Ifakara, akimtoa Kivukoni, kwa wavuvi wa mtoni. Sisi asili yetu Mahenge. Tukikasirika mtaa mzima unajua, na baada ya nusu saa tunakula sahani moja. Yeye ukimchokoza anakutazama, anatabasamu kidogo, anaendelea kuparua samaki wake. Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Nimejaribu, nimeshindwa.

Kwetu mwaka una msimu wa watoto. Unaanza tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, na unaisha Noeli. Marehemu mama yetu, Apolonia, ndiye aliyeupanga. Siku ya makaburi kila mtoto anabeba jembe dogo na chupa ya maji, anapalilia kaburi la marehemu ambaye amerithi jina lake, kisha anamsimulia habari za mwaka mzima. Fidelis, kifunguamimba wa Restituta, ana miaka minane, na kila mwaka anamsimulia babu yake matokeo ya mpira. Babu hakuwahi kupenda mpira. Kule aliko nadhani sasa anaujua msimamo wa ligi kuliko mimi.

Majilio yakianza wanafinyanga wanyama wa pango la Noeli kwa udongo wa mtoni. Violeth, wa miaka sita, hufinyanga kiboko. Tulimwambia Bethlehemu hakuna viboko, akatuuliza tulikwenda lini. Basi kiboko anakaa nyuma ya ng'ombe, ni mkubwa kuliko ng'ombe, na padri aliyekuja kubariki pango alimnyunyizia maji ya baraka kama wengine.

Na Jumamosi ya kwanza ya Majilio watoto wanatwanga mpunga wa Noeli. Mashine za kukoboa zimejaa Ifakara, lakini mama alisema chakula cha sikukuu ya Mtoto lazima kianzie mikononi mwa watoto. Wanatwanga wale tu ambao hawajapata Komunyo ya Kwanza, kwa mchi mfupi uliochongwa kwa ajili yao. Wakubwa kazi yetu ni kupepeta, kuimba na kuzuia vidole visiingie kinuni.

Mama alifariki mwezi Machi mwaka jana. Siku ya kuanua matanga ndipo likaibuka suala la mbegu.

Mama aliolewa akiwa na debe moja la mpunga kutoka Mahenge. Punje zake ni fupi, nyekundu kidogo, na ukiupika harufu inavuka uzio. Hauuzwi sokoni wala haumo kwenye duka lolote la pembejeo. Kila mwaka tulipanda debe moja kwenye kipande cha shamba letu la Namawala, tukivuna debe moja linarudi kuwa mbegu, na unaobaki unaliwa siku moja tu, siku ya kumaliza mavuno. Siku nyingine zote tunakula mchele wa supa kama watu wengine.

Alipokuwa kitandani mama alimkabidhi Restituta mbegu hiyo. Hakunikabidhi mimi, Katarina, binti yake wa pekee, niliyezaliwa kwenye nyumba ileile ya mama. Iliniuma. Sitaki kupamba maneno. Iliniuma kama kuchomwa sindano ya cherehani, na mimi ni fundi nguo, najua ninachosema.

Kaka yetu mkubwa Barnaba, mwalimu kule Mahenge, hakuficha lake. Alisema mbele ya ndugu wote, "Mbegu ya mlimani, mtu wa mtoni ataijulia wapi? Haya, shemeji, itunze. Nitakuja Krismasi kuiangalia. Nikikuta imeharibika, itakayobaki naondoka nayo."

Restituta alisema, "Sawa, shemeji." Ndiyo hayo tu. Mwezi Juni akavuna, akaianika, akaitia kwenye debe.

Siku ya makaburi aliniambia jambo fulani kuhusu hilo debe. Tulikuwa tumeinama kwenye kaburi la mama, yeye anang'oa majani, mimi nimenuna. Alikuwa anaongea kwa ile sauti yake ya chini, nami nikawa naitikia "mm, mm" huku nawaza kwamba anapalilia kaburi la mama yangu kana kwamba ni la mama yake. Kwa hiyo sikusikia hata neno moja.

Ikafika Jumamosi ya kutwanga. Mvua zilikuwa zimeanza, na Restituta na Justin walikuwa wamekwenda Namawala kusubiri zamu ya trekta. Alinipigia simu. "Wifi, tutachelewa. Naomba uwaanzishe watoto, wasikose siku yao." Nilifunga kibanda changu sokoni, nikaenda kwa furaha. Nilijiona mama mwenyewe amenituma.

Siku zote mama aliweka mpunga wa Noeli darini, juu ya mafiga. Nikapanda, nikateremsha debe. Violeth akanishika kitenge.

"Shangazi, la juu mama kasema lisiguswe."

"Weee! Dari hii mimi nimeijua kabla mama yako hajazaliwa. Lete ungo."

Akaleta ungo. Nikamimina. Tukaimba. Fidelis akatwanga, Violeth akatwanga, na Obed, mdogo wao wa miaka minne, akatwanga akiwa amesimama juu ya kigoda, mchi unamvuta yeye badala ya yeye kuuvuta. Nilipoanza kupepeta niliona punje fupi, nyekundu. Nikanusa. Harufu nikaitambua.

Debe zima lilikuwa limepita kinuni.

Niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haina faida. Kwa dakika moja, labda mbili, nilifikiri hivi: sasa Barnaba ataona kwamba mbegu haikupewa mtu sahihi. Nilifikiri hivyo nikiwa na ungo mkononi, mimi niliyeshusha debe. Halafu nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Restituta alirudi alasiri, tope magotini. Nilianza kueleza, nikalia, nikaeleza tena. Akaniambia, "Mbegu niliihamishia darini kuikinga na panya na wadudu. Nilikueleza kule kaburini." Aliketi, akavuta ungo, akachota kiganja kimoja, akakisambaza kwa kidole. Akatazama muda mrefu.

"Zamu ya mwisho alitwanga nani?"

"Obed," nikasema.

"Na hamkurudia?"

"Hatukurudia."

"Mungu ambariki Obed, hana nguvu kabisa." Akacheka. Katika hali ile, akacheka! "Angalia, wifi. Chuya tupu. Zamu hii ya Obed, karibu theluthi haijamenyeka."

Kila aliyewahi kula wali wenye chuya anazijua hizo punje zinazobaki na maganda yake baada ya kutwanga. Siku zote ni kero. Siku hiyo zilikuwa mbegu.

Alitandika mkeka, akatukalisha. Kwa siku tatu tulichambua punje kwa punje, Fidelis na Violeth wakitoka shule, mimi kibanda nimekifunga, wateja wa nguo za Noeli wananipigia simu na siwapokei. Justin aliporudi kutoka shambani alifungua mdomo aulize, mkewe akamwambia, "Kaa, uchambue," akakaa. Obed alipewa kazi ya kufukuza kuku. Mchele tuliuweka upande mmoja, chuya upande wa pili. Mwisho tukapata chuya za kujaza kopo tatu. Kutoka debe zima, kopo tatu!

"Hazitoshi hata kona moja," nikamwambia. "Na mchi umezigonga. Nani kasema zitaota?"

"Hajasema mtu. Tutaziuliza zenyewe."

Akahesabu punje mia moja, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiweka karibu na mtungi. Kila asubuhi watoto walikimbilia kile kitambaa kabla hata ya kunawa uso. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu siku zile. Nilikuwa naamka namwona Barnaba amebeba debe tupu. Siku ya tano Fidelis akahesabu kwa sauti, akarudia, akaandika kwenye daftari lake la hesabu: zilizoota, sitini na mbili.

Nilimkumbatia mtoto mpaka akalalamika. Restituta alikuwa tayari ameshika jembe. Hatutamwaga mbegu shambani kama tulivyozoea, alisema. Angeweka kitalu nyuma ya nyumba, kisha ahamishe miche michanga, mmoja mmoja, kila mmoja na nafasi yake, kama bwana shamba alivyokuwa anawafundisha watu kule Namawala na watu wakamcheka. Restituta hakumcheka. Alikuwa ameketi mstari wa nyuma, kimya kama kawaida yake, anasikiliza.

Miche ikafikia urefu wa kidole. Noeli ikafika, na Barnaba akafika nayo.

"Shikamoo baba mkubwa!" watoto walimlaki, wamevaa nguo nilizowashonea siku mbili za mwisho, pindo nyingine hazikulingana na mwenye macho asiangalie. Walikuwa wanatoka na kurudi, wakipeleka sahani kwa majirani, Wakristo na Waislamu, na kurudi na sahani zilezile zina maandazi na maembe. Barnaba aliitikia marahaba zake, akakaa, akanawa. Restituta akapakua.

Sikujua kama atathubutu, lakini alithubutu. Alikuwa amepika ule mchele tuliouchambua. Alikuwa ameniambia jikoni asubuhi, "Chakula hakitupwi. Na waliotwanga wana haki yao."

Barnaba alimeza tonge la kwanza. La pili hakulimeza. Akaliweka chini.

"Huu ni mpunga wa mama," alisema. "Leo si mavuno. Nani amepika mbegu?"

Restituta akaweka mwiko juu ya sufuria, akafuta mikono. "Shemeji," akaanza, "kosa hilo ni..." Nikaona usoni mwake kwamba anakwenda kulibeba. Angelibeba lote, kwa ile sauti yake ya chini, na Barnaba angemwamini.

Nikasimama. "Ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeishusha mbegu darini nikawapa watoto. Violeth alinikataza, nikamfokea. Restituta aliniambia, sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa na kinyongo naye. Alipewa mbegu yeye, mimi sikupewa. Hiyo ndiyo sababu, kaka, wala usitafute nyingine."

"Na mimi nilitwanga!" akasema Obed, mdomo umejaa wali, kwa fahari ya mtu aliyejenga daraja.

Justin akaangua kicheko, sote tukafuata, Barnaba wa mwisho. Restituta akamchukua hadi nyuma ya nyumba. Mwalimu alikiangalia kile kitalu, kijani kibichi, kimezungushiwa miiba kuzuia kuku. Akainama, akagusa miche kwa nyuma ya mkono. Aliporudi mezani alisogeza sahani yake.

"Shemeji," akasema, "niongeze."

Tarehe ishirini na nane, siku ya Watoto Mashahidi, tulikwenda Namawala sote. Jaruba lilikuwa limesawazishwa, maji yanafika kifundo cha mguu. Restituta alikuwa amefunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo, na watoto walitupitishia miche kwenye mabeseni. Mche mmoja, hatua, mche mmoja. Mgongo wangu wa fundi nguo ulinikumbusha umri wangu. Mpakani na shamba lao lipo la kwangu, ekari moja. Napanda supa, kwa sababu inauzika.

Tulipofika katikati nikamuuliza lile nililolibeba tangu Machi. Nilimuuliza nikiwa nimeinama, maana hivyo ilikuwa rahisi zaidi.

"Wifi, mama alikwambia kwa nini alikupa wewe?"

"Hakuniambia. Nilimwomba."

Nikanyanyuka. "Ulimwomba?"

"Mwaka wa kwanza niliokuja. Nilikula siku ya mavuno, nikamwambia, mama, nami naomba unifundishe huu. Akanifundisha kila mwaka. Alisema hakuna mwingine aliyewahi kumwomba." Alichomeka mche, akasogea hatua moja. Hakusema kwa kunichoma. Alijibu tu alichoulizwa.

Miaka yote ile mimi nilikuwa nasubiri kupewa. Nilifikiri mtoto haombi kilicho cha kwao, kinamfuata chenyewe. Mama yangu alikaa na debe lake akisubiri binti yake aulize, na binti yake alikuwa sokoni anapiga cherehani.

Beseni lilikuwa bado lina miche, na jua lilikuwa bado liko juu. Nikaliangalia shamba langu ng'ambo ya ukingo, halijaguswa, maji yametulia.

"Restituta," nikasema, "naomba mbegu. Na unifundishe."

Aliweka chini mche aliokuwa ameushika. Akaliinua beseni zima kwa mikono miwili, akavuka nalo ukingo, akaingia shambani kwangu kabla yangu.