Gongo Lenye Sare

Sebuleni kwa wazazi wangu, Uyole, Mbeya, kalenda ya kwaya ya shangazi imetundikwa juu ya televisheni. Tangu ifike, kila ninapokunywa chai ninaitazama nikitafuta kasoro, kwa sababu picha niliipiga mimi na sijawahi kufanya kitu kisicho na kasoro.

Shangazi ni dada wa baba. Aliolewa Iringa na anaishi Ipogolo. Mguu wake wa kulia ulipooza akiwa mtoto, kwa hiyo anatembelea gongo la kwapani. Mimi ananiita "baba", maana nilipewa jina la baba yake, na hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima. Nilipomaliza chuo nikawa napiga picha za mahafali na kipaimara huku nikisubiri ajira. Yeye ndiye aliyewatangazia wanakwaya wenzake kwamba safari hii mpiga picha wa kalenda atatoka Mbeya, na ni mtoto wake.

Kwenye simu hakuzunguka. Siku ya picha ya kalenda iliyopita, walimwomba aliweke gongo nyuma ya maua ili mistari ipendeze, akasimama ameshika bega la jirani yake. Kalenda ilipotoka, watu wakaanza kumpigia wakimuuliza anaumwa nini.

"Mwaka mzima niko ukutani kwa watu, baba, kama mtu anayetaka kuanguka," aliniambia. "Na mimi kanisani sijawahi kuanguka. Mwaka huu nataka niwe mimi."

Baada ya hapo sikutulia. Nilikuwa nimeshaona picha nyingi za watu wenye ulemavu: mtu anakabidhiwa baiskeli ya magurudumu matatu na mkabidhi anatabasamu kuliko yeye, au mtu anatazama mbali, na chini yake maneno ya kutia moyo. Sikutaka shangazi awe mmoja wao. Lakini gongo likiwa mbele, si itaonekana nimepiga picha ya gongo? Likiwa pembeni, si nitakuwa nalificha? Na kivuli chake kikimwangukia mtu usoni? Nilimsimamisha mdogo wangu uani akiwa na mpini wa jembe kwapani, nikampiga picha mpaka akasusa. Mama alichungulia mlangoni, akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Jumapili ya picha, ibada ilipokwisha, kwaya ilitoka nje upande usio na upepo. Sare yao ilikuwa kitenge cha zambarau chenye kola nyeupe. Shangazi alikuja wa mwisho, taratibu, kama bibi harusi, na nilipomwona nikasahau hata kumwamkia. Gongo lake lilikuwa limevaa. Fundi aliyeshona sare alitumia vipande vilivyobaki kufunika sehemu ya kwapani na ya kushikia, akamalizia kwa utepe mweupe kama wa kola.

Nilijua la kufanya, au nilidhani ninajua. Nilimwomba shangazi asimame mbele kabisa, katikati. Nilikwishaamua hivyo tangu Mbeya: asije akasema mtu kwamba amefichwa.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akamgeukia mwalimu wa kwaya aliyekuwa amejisimamia pembeni. "Mwalimu, pole," akasema. "Umepinduliwa."

Walicheka mpaka wazee waliokuwa wakipiga soga getini wakasogea kuona kuna nini. Mbele katikati ni mahali pa mwalimu. Wengine husimama wanavyoimba, sauti ya kwanza kushoto, ya pili kulia, wanaume nyuma, na kila mtu pale aliyajua hayo isipokuwa mimi.

"Mimi ni sauti ya pili, baba," shangazi alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ukiniweka hapa wataniuliza nimehama lini."

Akaenda mahali pake, mstari wa pili, kati ya wanawake wawili ambao amesimama nao tangu mimi sijajua kusoma. Yule wa kulia alisogea kidogo bila hata kugeuka, akaendelea na mazungumzo yake. Pale aliposogea ndipo gongo liliposimama. Kumbe nafasi yake ilikuwepo siku zote.

Nikainua kamera. Ndipo mwenyekiti wa kwaya, mtu mpole sana, akasema gongo liwekwe nyuma ya maua kidogo tu, kama mwaka jana, tupate mistari mizuri.

Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu utu na haki. Shangazi hakuyasubiri.

"Mwenyekiti," alisema, "gongo langu lina sare. Wewe tai yako iko wapi?"

Mwenyekiti akajishika shingoni. Kweli, hakuwa nayo. Kicheko kikaanza tena, naye akacheka, lakini bado akanigeukia: mpiga picha anaonaje?

"Likiondoka," nikasema, "mstari wa pili utakuwa na pengo."

Akapaangalia pale liliposimama, akaangalia kitenge kilichozungushwa kwenye gongo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaenda kuazima tai kwa kijana wa besi aliyekuja nazo mbili. Nikapiga, wote kuanzia kichwani mpaka viatuni, maana kwa shangazi picha isiyo na viatu ni pasipoti.

Kalenda zilipotoka alinipigia. Niliiacha simu iite kwanza, nikiwaza amechukia nini. Akaniambia watu wamempigia tena, hata wale wa mtaa wa Mlandege ambao haongei nao sana, na wanauliza fundi wake ni nani. Kuna bibi mmoja anataka fimbo yake nayo ishonewe nguo. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini.

"Ila mwenyekiti," akasema, "tai imemkalia upande. Hukuiona?"

Nikainuka na kikombe changu, nikasogea ukutani. Tai ilikuwa imelala begani kabisa. Siku zote hizo nilikuwa nikikagua gongo.