Mama anayepiga picha kabla zege halijamwagwa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, kofia ngumu ya njano kichwani na buti zenye tope la jana, anapiga goti mbele ya nguzo ya zege iliyoandikwa N9 kwa rangi nyekundu. Anatoa kamera ndogo ya kidijitali kwenye mfuko ulioshonwa kwa mpira wa ndani wa tairi, anapuliza vumbi kwenye lenzi, anasimamisha futi ya chuma kando ya nguzo, anabonyeza.

"Tayari," anasema. "Gongeni."

Hakuna anayegonga. Nyuma yake mafundi ishirini na wawili wamesimama wakimsubiri mkaguzi wa majengo amalize kusoma karatasi zake. Mmoja wao, fundi nondo mwenye mabega mapana, anatema mate pembeni.

"Shemeji," anamwambia, "leo kikikosekana cha kuvunja, watuvunje mbavu sisi. Wewe utapiga picha."

"Nitapiga," anajibu bila kugeuka. "Ila usikunje uso. Unatoka vibaya."

Wawili watatu wanacheka. Fundi nondo hacheki.

Nguzo hii ni moja kati ya kumi na nne zinazobeba jengo la shule la ghorofa mbili. Wiki tatu zilizopita ulionekana ufa juu yake, mwembamba kama unywele. Mkaguzi akauliza swali ambalo kila mkaguzi angeuliza: ndani mna nondo nane, kama mchoro unavyotaka, au mna pungufu? Leo inapasuliwa ili ijulikane. Nondo zikiwemo zote, kazi inaendelea. Zikipungua, nguzo zote kumi na nne zitavunjwa, na mafundi watarudi nyumbani na jina la wezi wa nondo.

Jina lake yeye eneo la ujenzi ni Shahidi. Alipewa kwa kejeli miaka mitatu iliyopita, na sasa hata msimamizi wa kazi, mzee anayeitwa Mjomba na kila mtu, humwita hivyo. Kazi yake ni moja: kupiga picha kila kitu kitakachofunikwa. Msingi kabla haujafukiwa, bomba kabla ya plasta, nondo kabla ya zege.

"Kilicho wazi hakinihitaji," anasema. "Mimi ni wa vile ambavyo kesho hamtaviona."

Alianza kama mbeba maji na mchanga. Siku moja Mjomba na muuza vifaa walibishana kama bomba la maji taka lililofukiwa lilikuwa la inchi nne au sita. Ikabidi lifukuliwe, na watu sita wakachimba siku nzima. Lilikuwa la inchi sita, kama Mjomba alivyosema. Kesho yake yule mbeba maji alikuja na kamera aliyopewa na dada yake, ambaye alikuwa amefunga studio yake ya picha za pasipoti baada ya wateja kuhamia kwenye simu.

"Nilimwambia Mjomba, nipe dakika tano kabla hujafukia. Akaniambia, wewe mama, tumekuja kujenga au tumekuja harusini?"

Mjomba anakiri. "Nilimwambia hivyo hivyo. Mwezi wa pili nikawa simwagi zege bila yeye."

Kwa mwaka mzima alipiga picha huku akiendelea kubeba maji, kwa ujira ule ule wa kibarua. Leo analipwa sawa na fundi, na ni mwanamke pekee kwenye orodha ya mafundi wa jengo hili.

Kamera yake inaenea kiganjani na ina miaka kumi na minne. Rangi ya fedha imechubuka kwenye kona zote, na kifuniko cha betri hushikwa na mpira wa kufungia pesa. Ana betri mbili, moja imepakwa nukta ya rangi ya kucha nyekundu, nyingine nyeupe. Nyekundu hupiga picha mia na themanini kabla ya kuisha. Nyeupe imezeeka, haivuki tisini. Chaja ina waya uliozungushiwa utepe mweusi sehemu mbili. Kadi ya kumbukumbu ni moja, na kila jioni picha huhamishiwa kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye diski ndogo anayoibeba yeye. Stendi ya kamera ya miguu mitatu imebaki na miguu miwili ya kiwandani. Wa tatu ameusuka mwenyewe kwa waya wa kufungia nondo. Vumbi la saruji analifagia kwa brashi ya poda ya binti yake, ambaye bado anaitafuta.

Kwa nini asitumie simu? Swali hili amelijibu mara nyingi, na jibu lake ni fupi. Simu hugoma kuguswa na glavu. Simu huita. Simu hukopwa na shemeji. "Na picha ya simu imechanganyika na mtoto wa jirani, keki na mazishi. Hii haina kitu kingine. Ukifungua ni nondo mwanzo mpaka mwisho."

Nyumbani kamera hulala kwenye kopo la chuma alilochomelewa na mumewe, juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kufika. Mumewe halalamiki sana. "Nilidhani nimeoa mke mmoja," anasema. "Huyu wa pili hali, lakini chumba kizuri kapewa yeye."

Katika kila picha huwa kuna vitu viwili: futi ya chuma, na ubao mdogo mweusi wenye namba ya nguzo kwa chaki. Tarehe hakuiandika ubaoni. Tarehe aliiachia kamera, ambayo huichapa kwenye kona ya kila picha. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Siku nguzo namba tisa ilipofungwa nondo, betri nyekundu iliisha. Kamera hii, kwa uzee wake, haikumbuki saa ikikaa bila betri zaidi ya dakika chache, hivyo yeye huwa na ya pili mkononi kabla hajafungua kifuniko. Siku hiyo betri nyeupe ilimponyoka ikaanguka kwenye dimbwi la maji ya kumwagilia. Aliikausha kwa kanga, akaipepea, akasubiri robo saa. Alipoirudisha, kamera iliwaka na kumwuliza tarehe. Gari la zege lilikuwa limeshafika na dereva anapiga honi. Alibonyeza kukubali, akaendelea.

Picha thelathini na nne zilizofuata zina tarehe ya Januari mosi, miaka kumi kabla kiwanja hiki hakijasafishwa.

"Ni kosa langu," anasema. "Si la betri, si la dereva. Nilibonyeza mimi."

Mkaguzi alipoletewa picha hizo alizirudisha mezani. Hizi, alisema, zinaweza kuwa za nguzo yoyote, ya jengo lolote, hata la baba yake mzazi. Mafundi waliona wamekwisha. Shahidi aliomba siku mbili.

Alichofanya ni hesabu tu. Kamera husahau tarehe, lakini haisahau namba. Kila picha hupewa namba inayofuata ile iliyotangulia. Picha namba 3,870, ya mwisho kabla ya betri kuanguka, ina tarehe sahihi, Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Picha 3,905 ina tarehe sahihi ya mchana wa siku hiyo hiyo, baada ya yeye kugundua kosa na kurekebisha saa. Zote za katikati haziwezi kuwa za siku nyingine. Kisha akakuza picha moja baada ya nyingine kwenye kompyuta. Katika namba 3,888, nyuma ya nondo, kuna mtu mwenye koti la kijani anayechungulia shimo la maji taka. Daftari la wageni linaonyesha kwamba Alhamisi hiyo aliyeingia ni mmoja.

"Huyu ni nani?" aliuliza mkaguzi.

"Ni wewe, mzee."

Mkaguzi aliinama kwenye kioo kwa muda. "Kumbe nimeota kitambi," alisema.

Alikubali picha ni za siku hiyo. Lakini akauliza swali la pili, gumu zaidi. Picha 3,889 inaonyesha nondo nane. Picha 3,890 inaonyesha mbao zimeshafungwa, ndani hakuonekani. Kati ya hizo mbili zilipita dakika ngapi?

Dakika arobaini, alijibu. Alikuwa ameitwa upande wa ngazi, akakuta bado hakuna cha kupiga.

Na katika dakika hizo, nondo ingeweza kuchomolewa?

Hapo ndipo ugomvi wake na fundi nondo ulipoanza. Kwenye karatasi ya maelezo angeweza kuandika kwamba alikuwepo mpaka mbao zinafungwa. Hakuna ambaye angempinga. Fundi nondo alimfuata mpaka kwenye bomba la maji anakonawia.

"Miaka mitatu tunakula sahani moja. Nimefanya kazi na mumeo kabla hujajua hata nondo ni nini. Unashindwa kuandika uliona?"

"Sikuona."

"Unajua hatukuiba."

"Najua. Ila kujua hakupigiki picha."

Aliandika: *Dakika arobaini sikuwepo.* Akatia sahihi. Kwa sentensi hiyo moja, nguzo ikapangiwa kupasuliwa, na kwa wiki mbili hakuna fundi nondo aliyemsogezea kiti wakati wa chai.

Anaeleza uamuzi huo bila kupandisha sauti. Picha zake zote, zaidi ya elfu sita, zinaaminika kwa sababu moja tu, kwamba hajawahi kusema kimo kitu ambacho hakimo. Akiongeza dakika arobaini za mdomo, anasema, elfu sita zote zinageuka kuwa maneno.

Saa mbili na nusu mkaguzi anafunga jalada lake na kutoa ishara. Wanaoshika tindo na nyundo si mafundi wa hapa, amekuja nao. Zege linatoka vipande vidogo vidogo. Kila baada ya dakika chache Shahidi anainua kiganja, wanasimama, anaweka ubao, anabonyeza. Ubaoni sasa tarehe imeandikwa kwa chaki, saa pia.

Nondo ya kwanza inaonekana sentimita nne ndani. Kisha ya pili. Mafundi wanahesabu kwa pamoja, kwanza kwa kunong'ona. Wakifika tano sauti imepanda. Upande wa nyuma unachukua muda zaidi. Sita. Saba.

Tindo inagonga, inagonga tena. Mjomba amevua kofia na kuvaa tena mara tatu. Fundi nondo hatazami nguzo, anaitazama kamera.

"Nane," anasema mwenye nyundo.

Kelele zinapanda, lakini mkaguzi anainua mkono. Bado hajamaliza. Anaomba picha 3,889, iliyochapwa ukubwa wa karatasi nzima, anaishika kando ya tundu. Anapima nafasi kati ya pete za chuma zinazozishika nondo, ambazo mafundi huziita ringi: sentimita kumi na tano, kama kwenye picha. Kisha anaigusa picha kwa kidole. Kwenye picha, ringi ya nne kutoka chini imefungwa kwa waya wa umeme wenye ganda la buluu, tofauti na nyingine zote. Anainama kwenye tundu. Anakwangua kwa ukucha. Buluu.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi," anasema fundi nondo. "Waya ulikuwa umeisha. Nilikata kipande nilichokuta."

"Siyo utaratibu."

"Najua, mzee."

"Leo waya huo umekusaidia. Usirudie."

Mkaguzi anaandika akiwa amesimama, jalada kwenye mkono. Ufa, anaeleza, ulikuwa wa ngozi ya juu tu, zege lililokauka upesi juani. Tundu lizibwe, lifunikwe gunia lililoloweshwa kwa siku saba. Kazi iendelee. Kabla ya kuondoka anaongeza agizo moja kwa jengo hili na mengine mawili anayoyasimamia: kuanzia sasa mpiga picha haondoki kwenye nguzo mpaka ubao wa mwisho ufungwe. Na kila jengo liwe na wake.

"Wengine watamtoa wapi?" anauliza Mjomba.

"Huyu atawafundisha," anasema mkaguzi.

Fundi nondo anamsogelea Shahidi, ambaye tayari anafagia lenzi kwa brashi. Anasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Ungeandika ulikuwepo," anasema hatimaye, "leo wangesema umetukingia kifua. Sasa hakuna wa kusema lolote."

"Hiyo ni pole au ni asante?"

"Chagua mwenyewe, shemeji. Na mimi nilitokaje?"

Anamwonyesha kwenye kioo. Anatazama, anaguna. "Nifute hiyo."

"Sifuti kitu mimi."

Mwezi ujao atafundisha wanawake wawili na mwanamume mmoja wa majengo mengine, siku mbili kwa wiki. Somo la kwanza ameshalipanga: jinsi ya kubadilisha betri. Mwakani anataka kufanya mtihani wa cheti cha fundi sanifu wa ujenzi. Mjomba amemwandikia barua ya kumthibitisha, na mhandisi wa jengo ametia sahihi.

Lakini kinachomkalia zaidi moyoni ni kitabu. Kati ya picha elfu sita amechagua mia nne na kumi na mbili, anazichapa na kuzipanga chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta. Siku jengo litakapokabidhiwa, kitabu hicho kitakabidhiwa pia kwa mwalimu mkuu.

"Sisi tutaondoka," anasema. "Siku mtu atataka kutoboa ukuta wa darasa apitishe bomba, asikisie. Afungue ukurasa, aone nondo ilipo."

Amefika ukurasa wa hamsini na nne. Wa nguzo namba tisa umekamilika: futi, ubao, nondo nane kabla ya zege, nondo nane leo. Chini ya picha ameacha mistari minne mitupu kwa mafundi nondo wanne walioifunga. Hakuwajazia majina yao. Kalamu ameiacha juu ya ukurasa, kila mmoja aje aandike lake kwa mkono wake.