Mama Mkwe na Vitabu vya Wachawi

Mume wangu alikufa kwa homa kabla hatujatimiza mwaka wa ndoa. Nikakaa eda Gando, nyumbani kwa mama yake, katika chumba chenye dirisha dogo linalotazama migomba. Mafuta sikupaka, wanja sikutia, na nje sikutoka ila uani kwa haja. Mama mkwe alihamishia kitanda chake karibu na mlango wa chumba hicho. Alikuwa mkunga, mtu wa heshima, na hakuwa mwingi wa maneno. Kwangu mimi alikuwa mlinzi tu.

Kaka yangu, karani bandarini Wete, alinihurumia. Akaniletea vitabu vitatu vya picha alivyoachiwa na baharia. Vilikuwa vya Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini picha zilijieleza. Kijana mwenye joho jekundu alitamka maneno, mikono ikatoa moto. Mzee mwenye kucha ndefu akatamka yake, watu wakawa mawe. Walipigana juu ya mapaa ya majumba marefu hadi ukurasa wa mwisho. Kila nilipofunika kitabu, chumba kilionekana kidogo kuliko mwanzo.

Siku moja mama mkwe akaja kuketi kando yangu.

"Huyu anafanya nini?"

"Anaroga, mama. Ndiye mbaya."

"Na huyu wa joho?"

"Ndiye mwema."

"Mbona naye anaroga?"

Nikasema yeye anawaokoa watu.

"Hata waganga wa hapa husema hivyo." Akalowesha kidole, akafunua ukurasa mwenyewe. "Haya, endelea."

Tukawa tunavisoma kila baada ya alasiri. Yeye akamwonea huruma yule mzee. "Maskini," alisema, "hana hata mtu wa kumkata kucha." Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba, nikaziba mdomo kwa kanga.

Kisha jirani mmoja aliyekuja kunipa pole akaviona chini ya mto. Haukupita muda, nikawasikia wanawake wakipita dirishani kwenda kisimani: mjane ana vitabu vya uchawi, ndivyo vilivyomla mumewe. Nilisimama nyuma ya dirisha. Ningetoka vipi kuwajibu?

Shehe wa msikiti akaja na wazee wawili. Wakakaa barazani, mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia.

"Bi, tumesikia humu mna vitabu vya majini na moto. Vya nani?"



"Vyangu," akasema mama mkwe.

"Lakini Bi, wewe hujui kusoma."

"Nnatazama picha. Vyangu mie. Mtoto huyu mwacheni na eda yake."

Shehe akaamuru vichomwe. Mama mkwe alivipeleka jikoni, akavitia motoni kimoja kimoja, huku akipuliza.

Maneno yakanihama, yakamwangukia yeye. Wanawake wakaacha kuja. Mke wa jirani aliposhikwa na uchungu, walikwenda kumtafuta mkunga kijiji cha pili, nasi tunawaona wakipita.

Eda ilipokwisha, kaka alikuja kunichukua kunirudisha kwetu Madungu, mjini Chake. Mama mkwe alikuwa ameshanifungia nguo zangu.

"Nenda, mwanangu. Usinitazame mie."

Nikamwambia kaka arudi Ijumaa. Ijumaa ilipofika nikamwambia vivyo hivyo. Mwishowe akaacha kuuliza. Ili nipate kukaa bila kusemwa, nikakubali kuolewa na mdogo wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya. Sikumtaka, na nadhani naye alilijua hilo. Wanangu wote walipokewa na mama yake, na baada yao watu wakaanza kumwita tena, mmoja mmoja, kwa kificho.

Asubuhi moja gari la abiria la kwenda Chake lilikuwa likipiga honi njia kuu. Nililisikia nikiwa jikoni. Nilingoja mlio wake upotee, kisha nikaendelea kukuna nazi.