Mkataba wa Chumba cha Juu

Baba yake Lalla Zhor alipofariki, nyumba yao ya Fes, Moroko, iliangukia warithi tisa, na wanane walitaka kuuza. Mnunuzi alikuwa Annelies, Mholanzi aliyekusudia kuifanya nyumba ya kupokea watalii. Wa tisa, Zhor mwenyewe, aliishi chumba cha juu, pale paani, tangu mumewe alipomwacha. Alikataa kutia sahihi mpaka aandikiwe kwamba atafia humo.

Annelies naye aliogopa kwamba akifa Zhor, chumba kitadaiwa na jamaa asiowajua. Ndipo Si Larbi, kaka yake Zhor, akawaambia waandishi wa kadhi, akijiona mjanja:

"Andikeni ni chake maadamu analala humo. Huyu dada yangu hajalala nje miaka kumi na tisa. Hata kwenye harusi ya bintiye alirudi kulala!"

Watu wakacheka. Zhor naye akacheka, akatia sahihi. Siku atakayolala kwingine, chumba ni cha mwenye nyumba.

"Kwani niende wapi mimi?" aliniambia mlangoni kwangu, maana tunatazamana kwenye kichochoro.

Kwa miaka mitatu hakwenda. Wageni walipanda paani asubuhi wakamkuta anakanda mkate, wakampiga picha. Annelies aliona haya mwanzoni, kisha akaanza kuwatajia wageni saa ya kukanda. Zhor akaihamishia alfajiri. Wageni nao wakaamka alfajiri.

Mwezi wa pili mwaka huu, bintiye Rqia alijifungua kwa kupasuliwa, huko Nador, karibu kutwa nzima kwa basi, mtoto wake wa kwanza. Mume yuko kazini Uhispania. "Mama, hata kuinuka siwezi," alilia kwenye simu. "Nani ataniogesha? Nani atamshika mtoto siku ya jina?" Siku ya saba mama wa mzazi hakosi. Akikosa, watu husema wamegombana.

Zhor akashuka jikoni kwa Annelies.

"Mwanangu, nataka siku kumi."

"Nenda, Lalla! Nani anakuzuia?"

"Karatasi."

"Karatasi! Unadhani mimi nitakuja kuhesabu umelala wapi?"

"Basi twende kwa waandishi, ukayaseme hayo mbele yao."

Annelies akaacha kumenya machungwa. "Nusu ya nyumba ni ya kaka yangu. Kila akipiga simu anauliza habari za chumba kile. Waraka wowote lazima naye atie sahihi, na hatatia."

"Na nikienda bila waraka, akajua?"

Annelies alilitazama ganda la chungwa mkononi mwake.

"Tazama tulivyo," Zhor akasema taratibu. "Wewe una kaka yako, mimi nina wangu. Hakuna hata mmoja anayelala humu."

Nilimwambia aende, akirudi atakaa kwangu. Nina chumba.

"Kwako nitakuwa mgeni, dada. Na wageni nimewaona wanavyoishi."

Alikaanga unga, akasaga lozi na ufuta, akachanganya na asali, akajaza kopo la selu, chakula cha kumpa mzazi nguvu, akamkabidhi dereva wa basi la Nador. Basi lilipoondoka alibaki kituoni mpaka mabasi mengine mawili yakapita. Akarudi kwa miguu.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, nilikuwa naye paani. Rqia akapiga simu. Zilisikika sauti za wanawake wa upande wa mume, kisha jina: Hiba. Zhor akasimama, mkono mmoja kifuani, akapiga vigelegele virefu kuelekea ile simu, mpaka pumzi ikamwishia.

Wageni wanne waliokuwa wakinywa chai upande wa pili wakainuka wakapiga makofi. Mmoja akamwashiria arudie.

"Mama?" Rqia aliita. "Makofi ya nani hayo? Mna sherehe huko?"

Zhor alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Majirani, mwanangu," akasema. "Wanakupongeza."