Siku Niliyojiimbia Wimbo wa Mazishi kwa Sababu ya Sindano

Mkiniona siku hizi nazunguka nyuma ya soko la Kariokor badala ya kupita mbele, msiseme Baba Shiro ameringa, ni aibu tu, na afadhali mnisikie mimi kabla hamjamsikia Mama Chai, maana yeye huongeza chumvi.

Mimi mnanijua. Nilikuja mji huu na kisu kimoja cha kukata tairi, shule nikaiacha kabla haijaniacha, na leo nusu ya miguu ya Eastlands inatembea juu ya akala zangu, viatu vya tairi. Siogopi askari wa kanjo, wale wa jiji, siogopi moto, hata mama mkwe simwogopi. Lakini sindano (wacha niseme polepole) sindano naiogopa kama ng'ombe anavyoogopa dipu la dawa ya kupe.

Sasa Ijumaa hiyo, saa nane, mafundi wa akala tulikuwa tunachagua mwenyekiti, na kila mtu alijua kiti ni changu, hata Kamande mpinzani wangu alikuwa ameshaanza kuniamkia vizuri. Asubuhi waya wa tairi, wenye kutu, ukanichoma mguu nikiwa pekupeku (ndiyo, fundi wa viatu, chekeni mmalize). Mke wangu akasema lazima nidungwe ya pepopunda.

"Si nitapaka tu mafuta ya taa?"

"Baba Shiro, pepopunda hukaza taya. Na wewe bila mdomo utabaki na nini?"

Akanieleza kwamba maumivu ya sindano hupunguzwa bila dawa yoyote: weka kitu baridi mahali pa kudungwa, au kohoa inapoingia, au upeleke akili kwingine, hata kwa kuimba. Angetaja moja tu, saa hii ningekuwa mwenyekiti. Lakini mtu wa kiwango changu hafanyi kitu nusu, nikaamua natumia zote. Nikapitia duka moja Makongeni nikanunua pakiti ya maziwa iliyoganda kwenye friza, nikaisokomeza ndani ya suruali, kwenye kalio la kulia, nikaingia kliniki nikitembea kama bata.

Kwenye foleni, saa nane ikikaribia, nikamkuta Mama Chai, yule anayetuuzia chai pale sokoni. "Mwenyekiti, mbona umekauka hivyo?" Nikamjibu kwa kichwa tu, meno yalikuwa yanagongana (baridi, si woga. Haya, vyote viwili).

Ndani akanipokea muuguzi, Sista Halima, mama mpole wa kutoka Pwani. "Karibu, mzee. Keti, ukunje mkono wa shati."

"Shati? Sista, mimi nimejiandaa upande mwingine."

"Hii ni ya begani, baba. Legeza mkono."

Jamani. Nimegandisha kalio bure! Nikaketi juu ya maziwa yangu, nikaanza kumweleza anaongea na nani, vile nilianzia Muthurwa nikilala juu ya tairi, vile wazungu hupiga akala zangu picha, naye akipangusa bega langu na kusema, "Masikini! Kisha ikawaje?" Halafu nikakumbuka kilichonileta. Nikamwambia ngoja nijitayarishe. Nikafunga macho, nikakohoa kikohozi cha kutikisa dirisha, nikanyamaza kidogo, nikaanza kuimba. Na kwa vile mimi kanisani huenda mazishi tu, wimbo ninaoujua mpaka mwisho ni mmoja, ule wa kushusha jeneza.

Sauti yangu ya kuimba ni nzito, haifanani na ya kuongea. Kule nje walisikia kikohozi, kimya, halafu sauti waliyodhani ni ya mchungaji. Mama mmoja akadakia sauti ya pili, foleni nzima ikaingia. Nikaona nimeungwa mkono, nikaongeza nguvu. Katikati nikamsikia Mama Chai akilia kwenye simu, "Ametuacha! Mwenyekiti wetu ametuacha!" (nikafikiri ni mwenyekiti mwingine).

Nilipomaliza beti zote nikasema, macho bado nimefumba, "Haya Sista, dunga."

"Nilishadunga, mzee. Ulipokuwa Muthurwa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulianza kuimba, nikadhani ndivyo mnavyoshukuru."

Nikafungua mlango kwa furaha. Mayowe! Mtu mmoja akaruka benchi, maana mbele yao alisimama marehemu, mikono juu, na kitu cheupe kinamtiririka mguuni mpaka kwenye akala (maziwa yalikuwa yameyeyuka na pakiti kupasuka chini yangu).

Nikakimbilia boda mpaka Kariokor. Nikawakuta mafundi wamesimama, kofia mkononi, na Kamande juu ya kreti la soda anamalizia hotuba: "...na nakipokea kiti hiki kwa heshima ya ndugu yetu." Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Akatazama uso wangu, akatazama suruali.

"Karibu, marehemu. Kura zimeshapigwa. Lakini pole kwa hayo maziwa."

Wakapiga makofi. Yake, si yangu.

Mwezi ujao narudi kwa sindano ya pili. Maziwa yatabaki ya chai. Nitaketi, nilegeze mkono, nianze tena pale Muthurwa, na Sista Halima afanye kazi yake, maana nimegundua kwangu mimi hakuna ganzi inayoshinda kujisifu. Na siku mkisikia naimba ule wimbo tena, msipige simu sokoni. Chimbeni tu.