Ukurasa Unaongoja Kuitikiwa

Saa tatu asubuhi, umande bado umelalia mahindi nyuma ya nyumba za Matisi, mjini Kitale. Mukami Ngige anafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta, kisha anaweka mto kwenye kiti. Anamngoja mgeni kutoka Misikhu. Mgeni huyo akikataa leo, hadithi arobaini zitafutwa.

Mukami ana miaka ishirini na sita. Huhudumia wateja katika duka la intaneti la mjomba wake, Kagwe, kwa shilingi mia mbili na hamsini kwa siku. Wateja wakipungua, hujenga tovuti ya podikasti, yaani vipindi vya sauti ambavyo mtu husikiliza mtandaoni wakati wowote apendao. Vipindi vyake ni hadithi za wazee.

Hakuanzia kwenye kompyuta. "Kwanza nilichora kwa karatasi za manila," anasema. "Lango, uwanja, mahali pa moto. Nilitaka mtu aingie kwa tovuti vile anaingia kwa boma la watu, asijikwae."

Michoro hiyo aliibeba mwaka jana, 2008, hadi soko la Misikhu. Wauza mboga walibonyeza vitufe vilivyochorwa kwa penseli kwa vidole vyenye udongo, naye akitazama ni wapi wanapotea. Mmoja aliigeuza manila na kuchungulia nyuma yake. "Si umesema hadithi iko ndani?"

Hapo ndipo alipomjua Phelista Wekoye, muuza mboga ya mrenda mwenye miaka sabini na minne. Kiangazi kizima bibi huyo alisimulia, Mukami akarekodi na kuitikia.

Kisha Mukami akafanya kosa. Intaneti ilikuwa ya kujikokota, na sauti ndefu zilikataa kupanda mtandaoni. Ili kuzipunguza, alikata kila mahali alipoitikia na kuzifuta rekodi za awali. Alipompelekea Phelista hadithi ya msichana aliyeficha mvua kibuyuni, bibi alisikiliza mpaka mwisho, uso ukamsawijika.

"Naita 'Hadithi, hadithi!' na hakuna mtu anaitikia," alisema. "Ati naongea peke yangu kama mwenye kichaa? Watoto wangu wako mbali. Watanisikia hivyo? Toa zote."

Mukami aliomba wiki tatu. Siku hizo alitembea kama mtu aliyeamka nusu. Alimkumbuka nyanya yake, Wakonyo, ambaye watoto wasipomwitikia alinyamaza palepale, hata kama simba ameinua mguu. Simba huyo alibaki na mguu hewani, chumba kizima kikimngoja, mpaka mtoto mmoja aseme neno.

Basi akaupanga ukurasa upya. Kila mahali alipokata, unamwita msikilizaji, kisha unanyamaza. Hadithi haisogei mpaka abonyeze "Njoo".

Kagwe alishika kichwa. "Mtu analipa shilingi moja kwa dakika, na wewe unamngojesha? Si atatoka, bana!"

"Akitoka, anko, hakuwa amekuja kusikiliza."

Phelista anafika na kikapu, anasalimia, anakaa kwenye mto.

"Karibu, Kukhu," Mukami anamwambia kwa jina ambalo Wabukusu humwitia bibi.

Spika inaita kwa sauti ya Phelista mwenyewe: "Hadithi, hadithi!" Halafu kimya. Mukami anamwonyesha kitufe. Bibi hakigusi. Anaomba chai. Anaipuliza, anainywa taratibu, anauliza bei ya mahindi Kitale. Kagwe anatazama saa ya ukutani.

Kikombe kikiwa kitupu, Phelista anainama karibu na kioo. "Bado inaningoja?"

"Bado, Kukhu."

"Hata haijakasirika?"

"Hata."

Bibi anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Hii iko na adabu kushinda wajukuu wangu." Anabonyeza kitufe, na kwa sauti yake pia anaitikia, "Njoo!" Ndani ya spika, msichana anachukua kibuyu chake na kuelekea mtoni.

Hadithi arobaini zitabaki. Mukami sasa anataka kujifunza namna ya kuipokea sauti ya msikilizaji mwenyewe, si kidole tu.

"Siku moja Kukhu ataketi kwake Misikhu aite," anasema, macho yake yakiwa nje, kwenye mahindi. "Na watoto wake wamwitikie kutoka huko mbali, yeye akiwasikia."

Phelista hajamsikia. Hadithi imesimama tena, mahali pengine pa kuitikiwa, nayo inamngoja. Bibi tayari ameinua kidole.