Sweta ya Mama na Kapu la Pusi

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai hapa Kitale, upepo umeshuka kutoka Mlima Elgon unapita chini ya mlango kama mwenye nyumba, na paka wa marehemu mama yangu amejikunja ndani ya karai tupu, anatetemeka.

Mwanangu, umeniuliza utamlindaje paka wako na baridi katika nyumba yako mpya ya vigae, na umetaka kitu kisichonunuliwa, kisichoishia kuwa takataka ya plastiki. Ningeweza kukujibu kwa mistari mitatu. Lakini jibu hilo nililipata kwa kukosea, na sijui kulitoa bila kulitaja kosa. Nivumilie. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kalamu yangu hupotea njia.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nauza sweta za mitumba sokoni. Mama alikuwa amefariki mwezi wa Aprili nyumbani kwetu Bungoma, upande wa Kibabii. Aliacha vitu vichache: sufuria, sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, na Pusi, paka wa kijivu aliyekuwa akilala juu ya sweta hiyo kando ya meko.

Baba alikuwa na wake wawili. Yule wa pili, tuliyemwita Mama Mdogo, aliniambia, "Muache paka hapa. Kitale ni baridi, na paka ni wa nyumba, si wa mtu." Nikambeba hata hivyo, yeye na sweta. Na niseme ukweli, sikumbeba kwa huruma peke yake. Nilimbeba ili Mama Mdogo asimpate. Yeye na mama walinyimana salamu miaka mingi, nami nilirithi ugomvi nisioujua mwanzo wake. Mama naye hakuwa malaika, lakini wakati huo usingeniambia nikasikia.

Miezi miwili ilipita vizuri. Pusi alilala juu ya sweta kitandani kwangu, nami nililala karibu naye nikiinusa: moshi, mafuta ya kujipaka, na kitu kingine ambacho mpaka leo sina jina lake. Kisha wenzangu wa soko wakanitembelea. "Wee, kwako kunanuka jikoni ya ushago!" mmoja akasema, akimaanisha jiko la kijijini, wakacheka. Niliona haya. Katika biashara yetu, sweta ikinuka unaifua. Mkono ukafanya kazi kabla moyo haujaulizwa. Sabuni ya unga, maji mara tatu, kamba ya nje. Ilipokauka nikaiweka puani. Ilinuka kama sweta zote za duniani.

Mwanangu, nilikaa chini sakafuni. Kuna watu huzika mara mbili.

Pusi aliinusa, akageuka, hakuilalia tena. Baridi ya Julai ikaingia. Nikamtafutia boksi kubwa la televisheni, nikatandika nailoni, nikaweka sweta tatu nzuri kutoka kibandani kwangu. Aliingia, akatoka. Nailoni ilitoa jasho, sweta zikalowa. Nikawasha jiko la makaa karibu naye na kufunga dirisha. Akakonda, akaacha chakula. Mbali na mimi, yeye peke yake ndiye kiumbe ambaye mama alimpapasa kila siku, na alikuwa ananifia mkononi kwa kiburi changu na sabuni yangu.

Asubuhi hiyo ya karai nikameza aibu. Jirani alikuwa anaenda Bungoma, nikampa ujumbe wa Mama Mdogo: njoo, paka anakufa. Kesho yake mchana Mama Mdogo akasimama mlangoni na gunia kichwani. Hakunisalimu. Alitoa jiko nje kwanza, akafungua dirisha.

"Unataka kumpasha joto ama kumkausha kama samaki? Makaa ndani ya chumba kimefungwa! Si mtakufa wawili, bana." Akaliangalia boksi. "Na hii ni ya nani? Ya ng'ombe?"

"Nilitaka awe na nafasi, Mama."

"Ati nafasi! Paka hana kuni, mtoto. Moto wake ni mwili wake. Ukimjengea ukumbi, ataupasha lini?"

Ndani ya gunia mlikuwa na kapu kuukuu la kuatamishia kuku, na maganda makavu ya mahindi. Aliyachana maganda nyuzi nyuzi, akajaza kapu, katikati akaacha shimo la kumtosha paka aliyejikunja, si zaidi. Juu akafunika kwa kipande cha gunia, akaacha tundu la kupita kichwa na mabega. Akaliinua juu ya matofali mawili, mbali na mlango, ili saruji isimnyonye joto. "Nyumba njema si mlango," akasema, "fungua uingie ndani."

Pusi aliingia, lakini nusu. Kichwa alikiacha nje.

"Lete ile sweta ya mama yako."

Nikampa, nikamwambia nilichofanya, nikangoja anicheke. Hakucheka. Aliinusa, akaikunja. "Nitaenda nayo," akasema.

Alirudi baada ya wiki mbili. Sweta ilikuwa inanuka moshi. Alikuwa ameitundika jikoni kwa mama, juu ya meko, pale tunapotundika mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu mazishi amekuwa akiwasha moto jikoni mle kila asubuhi. Nilimuuliza kwa nini.

"Nilimnyima salamu," akasema. "Nitamnyima na moto?"

Sitakudanganya. Harufu ya mama haikurudi. Ulirudi moshi tu. Niliitafuta kwenye kwapa, kwenye kola, haikuwepo. Lakini Pusi aliingia kapuni mzima, akazunguka mara mbili juu ya sweta, akalala. Huenda ni sweta, huenda ni maganda, huenda baridi ilikuwa imemchosha tu. Mimi si daktari wa mifugo. Jioni alikula. Aliishi miaka mingine mingi.

Sasa Mama Mdogo naye ametangulia. Leso yake iko kabatini mwangu. Sijaifua.

Basi mwanangu, kapu la paka lipime kwa paka, si kwa upendo wako. Tumia maganda au nyasi kavu. Yakishika unyevu yabadilishe, ya zamani yapeleke shambani yawe mbolea. Nailoni iache, na makaa usiyafungie ndani. Mtandikie kitambaa anachokijua, na usiache mbachao kwa msala upitao. Na kama umerithi ugomvi wa watu, uulize mwanzo wake kabla hujaubeba.

Mungu akupe nyumba inayokutosha bila kukuzidi. Na siku utakapokuwa hupo, akupe mtu wa kuwasha moto jikoni kwako, hata kama mlinyimana salamu.